Taa ya eabegi haizimiki: usikimbilie kubadili kontroli boksi

Mzee mmoja mwenye Probox aliingia gereji yetu hapa Mwanga, Kigoma, akiwa na kontroli boksi ya eabegi (kompyuta ndogo inayoamuru mifuko ya hewa ifyatuke kwenye ajali) mkononi, ameifungia gazeti kama mkate. Kaiagiza Dar es Salaam, imekuja na basi, na hela ameshalipa yote. "Kijana wangu, nifungie hii. Taa haizimiki mwezi wa pili sasa." Nikamuuliza nani kasema boksi imekufa. Akanijibu kwamba fundi mmoja alichomeka mashine ya kusomea hitilafu, akasoma neno SRS (jina la mfumo wa eabegi), akafunga mjadala.

Nikachukua tochi, nikapiga magoti upande wa dereva. Chini ya nguzo ya katikati, pale mkanda unapoanzia, kuna soketi ya njano. Ilikuwa imeota ukijani, na zulia lote lilinuka migebuka. Gari lile hubeba samaki kutoka mwalo wa Kibirizi kwenda Kasulu, na kila barafu ikiyeyuka, maji yake hushuka hapohapo. Namba ya hitilafu ilikuwa B1900, ambayo kwenye Toyota ni saketi ya kikaza mkanda cha dereva, kile kinachovuta mkanda wa kiti ajali ikitokea. Boksi ilikuwa inafanya kazi yake barabara, inalalamikia mkanda. Tukabadilisha pini za soketi, taa ikazima. Boksi ya gazeti iko kabatini kwa mzee hadi leo, kwa sababu muuzaji hakutaka kuirudisha.

Kontroli boksi ya eabegi ni kama mlinzi wa geti anayepiga filimbi. Mara nyingi kosa liko kwa aliyeruka ukuta, lakini sisi mafundi tunamfukuza mlinzi. Ndiyo maana hapa nitaanza na dalili. Kubadili boksi kutakuja mwisho, kwa wale wachache ambao kweli wamefika huko.

Kabla hujashika chochote

Eabegi hulipuka. Ndani ya usukani kuna kopo lenye baruti na kijiwaya cha kuiwasha, na mfuko hujaa ndani ya takriban sehemu 30 za elfu ya sekunde. Kama uso wako uko juu ya usukani wakati huo, huna nafasi ya kurudi nyuma. Kontroli boksi nayo ina kapasita zinazotunza umeme ili iweze kufyatua mifuko hata betri ikikatika kwenye ajali. Kwa hiyo kuchomoa betri tu hakutoshi.

Zima swichi, toa funguo, chomoa terminali ya hasi ya betri, uisogeze mbali na uifunge kitambaa isirudi yenyewe. Kisha subiri. Vitabu vya Toyota vingi vinataka sekunde 90, Nissan na Honda dakika tatu. Mimi nakwenda kunywa chai, nasubiri dakika kumi, na sijawahi kujuta. Usichomeke kile kibetri kidogo cha kulindia kumbukumbu ya redio kwenye kiberiti cha gari. Kitaendelea kuipa boksi umeme na utakuwa umejidanganya. Redio ikisahau stesheni, isahau.

Na la pili: usipime eabegi yenyewe kwa mita, hata mara moja. Kijiwaya cha ndani kina ukinzani mdogo sana, karibu ohm 2, na umeme wa mita ya kawaida unaweza kukiwasha. Nitaeleza baadaye namna ya kuipima bila kuigusa.

Taa haiwaki kabisa

Watu hudhani hii ni dalili nzuri. Hapana. Ukiwasha swichi, taa ya SRS au ile picha ya mtu aliyekaa na mpira kifuani inatakiwa iwake kama sekunde sita, halafu izime. Isipowaka kabisa, jiulize nani aliizima.

Magari mengi tunayonunua yamepita mikono mingi. Nimefungua dashibodi nikakuta balbu ya SRS imetolewa. Nyingine ilikuwa imeunganishwa kwa waya na taa ya oili, ili ziwake pamoja na kuzima pamoja injini ikiwaka. Kwa macho ya mnunuzi gari ni zima. Ndani, mifuko yote miwili ilikuwa imeshafyatuka siku nyingi, na kwenye usukani kumebandikwa kifuniko kipya juu ya tundu tupu. Ukikuta taa inazima sambamba na ya oili au ya chaji, sekunde kwa sekunde, toa dashibodi uangalie nyuma yake.

Taa inawaka, lakini mashine haioni hitilafu

Hapa tazama betri kwanza. Boksi ikipata umeme pungufu huwasha taa, na kwenye Toyota nyingi haitunzi namba yoyote kwa tatizo hilo. Umeme ukirudi sawa, taa huzima yenyewe. Pima betri gari likiwa limelala: volti 12.6 ni nzuri. Washa injini, washa taa kubwa na feni; unataka kuona kati ya 13.5 na 14.5. Ikishuka chini ya hapo, shughulikia oltaneta, mkanda wake au terminali zilizolegea. Barabara ya vumbi na mashimo hulegeza terminali kuliko watu wanavyodhani, na gari linalokuja kwetu kutoka Uvinza likiwa na taa ya SRS inayowaka na kuzima, mara nyingi huhitaji kukazwa nati moja tu ya betri.

Huna mashine? Toyota nyingi zenye soketi ya pini 16 chini ya usukani zinasomeka kwa waya mfupi. Unganisha pini ya 13 na ya 4, washa swichi, uhesabu taa ya SRS inavyopepesa: kundi la kwanza ni makumi, la pili ni mamoja. Ikipepesa haraka haraka bila kituo, haina hitilafu. Usishangae taa ya ABS (ya breki) na nyingine zikipepesa pia, zote zinasoma pini hiyohiyo. Ila hesabu pini mara mbili kabla ya kuchomeka. Pini ya 16 ni betri moja kwa moja, na ukiigusisha na ya 4 utaunguza fyuzi au mkono.

Inawaka ukikata kona

Dereva akisema taa ilianza siku alipogeuza gari kwenye kichochoro, na honi nayo inakataa upande mmoja wa usukani, au vitufe vya redio vya kwenye usukani vimekufa, umeshapata jibu kabla ya kufungua bonnet. Ni klokispringi, ule utepe wa waya uliojikunja ndani ya kasha nyuma ya usukani ili umeme ufike kwenye eabegi bila waya kujisokota. Unachoka, unakatika. Toyota itakupa 51 kwa kupepesa, au B1801 kwenye mashine: saketi ya eabegi ya dereva imekatika.

Kitu kinachovunja klokispringi mpya ni fundi. Ikifungwa ikiwa haiko katikati, siku dereva atakapokata usukani hadi mwisho, utepe unakatika tena. Matairi ya mbele yawe yamenyooka. Zungusha klokispringi polepole hadi igome upande mmoja, halafu irudishe idadi ya mizunguko iliyoandikwa kwenye kasha lake. Nyingi ni mizunguko miwili na nusu au zaidi kidogo, kisha alama zikutane. Usikisie.

Hapa ndipo ule ujanja wa kupima bila kuigusa eabegi unapofaa. Betri ikiwa imechomolewa na muda umepita, chomoa soketi ya njano ya eabegi na mahali pake uweke rezista ya ohm 2. Rudisha betri, washa swichi ukiwa nje ya gari, futa hitilafu, usome tena. Namba ikiondoka, tatizo ni eabegi. Ikibaki, tatizo liko kwenye njia: klokispringi, waya au, mara chache, boksi. Rezista hii ni ya kupimia tu. Wapo wanaoiacha humo ili taa izime na gari liuzwe. Mtu huyo anamuuzia mwenzake usukani wenye rezista kifuani, na sina neno zuri la kumwita.

Inawaka ukisogeza kiti, au gari likilowa

Chini ya viti kuna soketi za mikanda, za kitambuzi cha abiria na, kwa magari yenye mifuko ya ubavuni, za eabegi pia. Waya huvutika kila kiti kinaposogea, viatu vyenye tope huzipiga teke, na watu huweka chini ya kiti kila kitu, kuanzia jeki hadi dumu la mawese. B1905 ni mkanda wa abiria wa mbele, B1820 ni eabegi ya ubavuni upande wa dereva.

Angalia kutu, angalia pini iliyorudi nyuma, angalia kama soketi imejifunga hadi "klik". Soketi za njano zina kibati kidogo ndani kinachounganisha pini mbili za eabegi mara tu unapoichomoa, ili umeme wa tuli usiifyatue. Kibati hicho kikipinda na kubaki kimegusa hata baada ya kuchomeka, utapata hitilafu ya shoti na utahangaika wiki nzima. Soketi ikiwa imeota ukijani, badilisha pini au kipande chote cha soketi. Usikate na kusokota waya kwa mkono halafu ukavuta tepu nyeusi. Saketi ya ohm 2 inahisi hata nusu ohm ya kutu.

Chumvi ya Uvinza inanihusu hapa pia. Gari linalobeba magunia ya chumvi hunyonya unyevu kwenye zulia mwaka mzima, hata kiangazi. Ukilipokea gari la namna hiyo, anza na zulia kabla ya mashine.

Ilianza baada ya kuchomelea

Mtu kapeleka gari likachomelewe sakafu au chasisi, fundi kauma waya wa ethi (unaorudisha umeme) mahali popote, kapiga welding betri ikiwa bado imeunganishwa. Gari linarudi na taa tatu. Wakati mwingine boksi ya eabegi imeshapitiwa na umeme usio wake, na hapo kweli huwa imekufa. Vivyo hivyo ukiwasha gari kwa betri ya jirani na kugeuza nyaya chanya na hasi. Kwanza kagua fyuzi, maana mara nyingine Mungu anakuhurumia na ni fyuzi tu.

Baada ya ajali

Mifuko imefyatuka, mikanda imekaza, boksi imejiandikia ndani kwamba ajali imetokea na haitafutika kwa mashine ya kawaida. Kwenye Toyota utakuta B1000, au 31 kwa kupepesa, ambayo ni hitilafu ya boksi yenyewe. Mtengenezaji anataka boksi ibadilishwe pamoja na eabegi zilizofyatuka, mikanda iliyokaza na vitambuzi vya mbele vilivyogongwa.

Kuna mafundi, wengine wazuri kweli, wanaofungua boksi na kufuta kumbukumbu ya ajali kwenye chipu kwa kompyuta. Taa inazima. Ninachojua ni kwamba boksi ile ilipigwa mtikisiko uliotosha kufyatua mifuko, ina kipima mtikisiko ndani yake, na hakuna anayeweza kuniambia kwamba bado kinapima sawasawa. Mwenye gari akitaka kufanya hivyo, namwambia nionavyo, halafu simfanyii.

Mashine haizungumzi na SRS kabisa

Hii ndiyo dalili iliyo karibu zaidi na boksi, na hata hapa usikurupuke. Soma mwongozo ujue fyuzi ipi inalisha SRS. Kwenye magari mengine ina jina lake, kwenye mengine imejificha ndani ya IGN, fyuzi ya swichi. Kagua ethi ya boksi, bolti zake za sakafuni zikiwa safi bila rangi wala kutu. Kagua kama gari liliwahi kuingiwa na maji, maana boksi nyingi ziko sakafuni katikati, chini ya konsoli ya gia (kasha la plastiki kati ya viti vya mbele), na maji yakifika juu ya zulia ni hapo yanapokaa. Umeme ukifika, ethi ikiwa nzuri, mifumo mingine ikizungumza na mashine na hii peke yake ikikaa kimya, au ukifuta B1000 ikarudi papohapo na betri ikiwa na afya, basi sawa. Mlinzi kweli kafa.

Kuibadili

Namba ya spea ndiyo kila kitu. Kwenye Toyota kontroli boksi ya eabegi huanza na 89170, Nissan 98820, Honda 77960. Tarakimu zinazofuata ndizo zinazojua kama gari lako lina mifuko miwili au sita. Boksi ya IST yenye mifuko miwili haitajua mifuko ya ubavuni ya gari lingine, na ikitegemea mifuko isiyokuwepo itawasha taa milele. Piga picha kibandiko cha boksi ya zamani, umtumie muuzaji wa Ilala au Kariakoo kwa WhatsApp, na uombe picha ya kibandiko chake kabla hujatuma hela. Ukinunua iliyotumika, mwombe aisome kwa mashine kwanza. Boksi nyingi zinazouzwa zimetoka kwenye magari yaliyogongwa, na utalipa nauli ya basi ili upokee B1000 ya mtu mwingine. Magari ya Ulaya na mengi ya miaka ya karibuni hutaka pia boksi iandikwe upya kwa programu ili ikubali namba ya chasisi. Toyota nyingi za zamani hukubali tu namba ya spea ikilingana.

Betri nje, dakika kumi zimepita, gusa chuma cha mlango kuondoa umeme wa tuli mwilini. Toa konsoli ya katikati. Fungua kifungio cha soketi kwanza, nyingi zina kitelezi au kishikio, halafu vuta soketi, wala usivute waya. Kisha ndipo ulegeze bolti. Utaona mshale juu ya boksi: unatazama mbele ya gari. Mshale huo si mapambo. Boksi inapima kupungua kwa kasi kuelekea mbele, na ukiigeuza haitajua ajali ya mbele ni ipi.

Safisha sakafu inapokaa, laza boksi mpya bila kuidondosha (ikidondoka kutoka mikononi, usiifunge, nunua nyingine), kaza bolti kwa spana ya kupimia. Nyingi za Toyota ni karibu Nm 17.5, ila fuata kitabu cha gari lako. Bolti zikaze zote kabla ya kuchomeka soketi. Boksi yenye umeme ambayo haijafungwa sakafuni, ukiitikisa mkononi, inaweza kudhani gari limegonga ukuta.

Ukilazimika kutoa eabegi ya usukani njiani, ibebe ikitazama mbali na mwili wako, iweke mezani uso ukiwa juu. Ikiwekwa kifudifudi na ikafyatuka, itaruka hadi dari la gereji.

Rudisha betri mtu yeyote asiwe ndani. Geuza swichi kwa mkono kupitia dirishani, kichwa nje. Taa iwake, hesabu sekunde sita, izime.

Jambo moja ambalo boksi haitakuambia

Kopo zilizotengenezwa na kampuni ya Takata ya Japan zilitumia amonia naitreti ambayo, baada ya miaka ya joto na unyevu, huweza kulipuka kwa nguvu kupita kiasi na kurusha vipande vya chuma. Zaidi ya kopo milioni 100 ziliitwa zirudi duniani kote, na kampuni hiyo ilifilisika mwaka 2017. Magari yaliyokumbwa ni pamoja na Honda, Toyota na Nissan, yaani haya tunayoendesha kando ya ziwa, kwenye joto na unyevu wenyewe. Taa ya SRS inaweza kuzima vizuri kabisa na kopo likiwa bovu, kwa sababu boksi hupima waya, haipimi baruti. Chukua namba ya chasisi ya gari uitafute kwenye tovuti ya mtengenezaji, hasa kama gari ni la kabla ya 2015 na hujui lilikopita.

Boksi ikishafungwa na taa ikazima, usukani ukate hadi mwisho pande zote mbili, viti visogezwe mbele na nyuma, mikanda ifungwe na kufunguliwa, kisha liendeshwe kwenye barabara mbovu. Sisi tunatumia njia ya kushuka Ujiji na kurudi. Taa ikibaki imezima, andika kwa kalamu ya wino mzito chini ya konsoli: tarehe, kilomita, namba ya spea na nani kaifunga. Fundi atakayefungua baada yako atakushukuru.